Nakata

Malimi alisimama mbele ya basi lililoandikwa MATAI kwa herufi za kumtosha hata kipofu, akamuuliza Luciana basi la Matai ni lipi. Luciana, mwalimu mwenye sweta ya kijani na chaki bado vidoleni, alimkagua toka viatu hadi kofia.

“Si hilo mbele yako, kaka? Au unatafuta sababu?”

“Nimeshaipata,” akasema Malimi.

Uongo mtupu, ila ulimsaidia. Stendi ya Sumbawanga siku hiyo ilikuwa vumbi na baridi, nao wakacheka.

Mwaka mzima wa mapenzi yao Malimi, seremala wa mtaa wa Izia, hakumwandikia hata neno. Luciana akituma ujumbe, yeye anapiga.

“Umekula, mpenzi?”

“Nimechoka hata kutafuna.”

“Basi choka ukinisikiliza.”

Luciana alidhani ni mahaba tu.

Kisha akapelekwa semina ya walimu, simu haziruhusiwi kupigwa ukumbini. Akaandika: “Baba amechoka kusubiri. Posa unataka au hutaki? Nijibu leo.” Malimi alikaa juu ya mbao nusu saa, jasho likimtoka kuliko siku ya kupiga randa mninga, akatuma neno moja.

“Nakata.”

Anakata uhusiano. Basi, na akate. Luciana alilia, halafu akachoka kulia, na kwa wiki tatu hakupokea simu yake.

Jioni moja, akisahihisha madaftari ya darasa la pili, alikuta sentensi: “Mama nakata uji.” Kalamu ikamponyoka. Akaenda Izia bila kubadilisha viatu.

“Nisomee ujumbe wako,” akamwambia Malimi, akimpa simu.

Malimi aliukodolea macho. “Nataka.”

“Umeandika nakata.”

Malimi alikaa chini kwenye maranda. “Herufi zinanihama tangu darasa la kwanza. Nilichapwa nikiitwa mzembe, mpaka nikachoka kubisha.”

“Semina walitufundisha. Kuna watu wanazaliwa hivyo, ubongo unapokea maandishi kwa njia yake. Si uzembe, Malimi.”

“Fimbo zangu nani atazirudisha?”

“Ungeniambia.”

“Wewe mwalimu. Nilikuogopa.”

Luciana alimfuta vumbi la mbao shavuni. Alimpenda, na aliona aibu.

Jumapili ya pili mshenga alileta barua ya posa, mistari minne, mwandiko wa Malimi mwenyewe. Luciana alikataa isahihishwe. Baba yake, mzee Adolfu, akavaa miwani.

“‘Nakata kumuoa binti yako.’ Sasa huyu anakata au anaoa?”

“Anataka, baba,” akasema Luciana. “Isome tena, taratibu.”