Kitanzi cha Nyota Kilichofutwa

Mchora mabango alikuwa na mkono ulionyooka. Mistari yake haikuhitaji rula, naye hakuchoka kuwaambia watu hivyo. Asubuhi hiyo bintiye aliweka karatasi kubwa mezani. Ilikuwa kazi yake ya maonyesho ya shule.

“Baba, pitisha wino juu ya penseli yangu. Usiongeze kitu,” alisema, kisha akaenda kuteka maji.

Mchoro ulionyesha maisha ya nyota. Mstari ulitoka ujanani, ukafika uzeeni, ukaanza kushuka kwenye baridi. Ghafla ulirudi nyuma na kufanya kitanzi. Hapo binti aliandika, “Inapata joto tena.”

“Makubwa! Mzee anarudi ujanani?” baba alicheka. Akafuta kitanzi na maneno yake. Akavuta wino moja kwa moja hadi baridi. Binti aliporudi alikuwa amechelewa. Aliikunja karatasi bila kuitazama, akakimbia.

Mchana darasa lilijaa wazazi, baba akiwa miongoni mwao. “Tuonyeshe nyota inapopata joto tena,” mwalimu wa sayansi alimwambia binti.

Binti aligeukia mchoro wake. Akamtazama baba mara moja, akainamisha kichwa. “Samahani, mwalimu. Nimesahau kuchora.”

Mzazi mmoja alicheka. Baba alitamani ardhi ipasuke immeze. Mtoto wake alikuwa anambebea kosa mbele za watu! Alisimama.

“Hakusahau,” alisema. “Nilifuta mimi. Nilijifanya mjuaji.”

Mwalimu aliusogelea mchoro.

“Hata mimi nilibisha niliposoma mara ya kwanza,” mwalimu alisema. “Nyota kama jua ikizeeka, hupoteza gesi yake ya nje. Hubaki kiini kidogo chenye joto kali. Moto wake huzimika, nacho huanza kupoa. Lakini karibu na uso wake hubaki gesi iitwayo heli. Kwa baadhi ya nyota, heli hiyo huwaka ghafla, kwa kuchelewa. Nyota huvimba tena, na uso wake hupoa. Kisha husinyaa, na uso huo hupata joto upya.”

“Huchukua muda gani?” baba aliuliza kwa sauti ndogo.

“Nyingine miaka michache tu, nyingine mingi. Wataalamu wameshaziona zikibadilika.”

Baba aliomba kalamu ya wino. “Nipitie hapa, mwanangu?”

“Panda kidogo, baba. Sasa rudi kwenye joto.”

Kitanzi kilitoka kimepindapinda. Mwalimu alimpa binti alama zake zote.

Njiani binti aliuliza, “Kwa nini hukuniuliza?”

“Niliona aibu kumwuliza mtoto.”

“Kuuliza si ujinga, baba.”

“Kweli. Na aibu ya leo imezidi ile.”

Siku hizi mteja akileta maneno mageni, baba huuliza kwanza ndipo achore. Mabango ya kurudiwa yamepungua sana. Lakini kwa wiki nyingi binti hakumletea mchoro wowote, na jambo hilo lilimuuma.

Muhula uliofuata alileta karatasi mpya, ya moyo wa mwanadamu. Baba akavuta kiti cha pili.

“Kaa hapa, mwanangu,” alisema. “Nieleze, nianzie wapi?”