Bunduki za Arlen Zaenda kwa Jirani

Arlen Hagen alikuwa mtu wa kubishana. Mkewe, Marlys, alilijua hilo kabla hawajaoana, na alimkubali hivyohivyo. Kila madiwani wa kaunti walipokutana, Arlen alivaa kofia yake safi, akawasha pikapu, akaenda kuwauliza maswali. Mwaka mmoja walitaka kila mwenye ranchi aombe kibali kabla ya kuchoma magugu katika mtaro wake mwenyewe. Arlen alisimama.

"Magugu ni ya nani?" aliwauliza. "Mtaro ni wa nani? Na kiberiti je, mlininunulia nyinyi?"

Ukumbi mzima ulicheka. Habari ya kibali ikafa siku hiyohiyo.

Arlen aliamini kwamba mtu mzima aachwe aendeshe maisha yake, mradi hamdhuru mwenzake. Nyumbani kwake palikuwa na bunduki, kama ilivyo katika karibu kila nyumba ya mashariki mwa Montana. Moja ilikuwa ya kuwindia paa, moja ya ndege, moja ya kufukuzia mbweha wanaonyemelea ndama. Ile ya paa aliachiwa na baba yake. Hakuna aliyezishangaa. Zilikaa kwenye kabati lao sebuleni, karibu na picha za harusi.

Kisha ukaja ukame. Majani hayakuota, na mwaka uliofuata hayakuota tena. Arlen alianza kuuza ng'ombe wachache wachache. Mwishowe malori yakaja kuchukua waliobaki. Majira ya baridi yakaingia, zizi likiwa tupu. Kila asubuhi Arlen aliamka saa ileile, akavaa buti zake, akatoka nje. Hakukuwa na wa kulishwa. Alisimama tu kwenye theluji.

Marlys aliona mambo madogomadogo. Mayai yalibaki kwenye sahani. Usingizi ulimpaa mumewe. Siku moja Arlen alimpa mpwa wake tandiko lake zuri la farasi, lile ambalo zamani hakutaka hata liguswe. "Lichukue tu," alisema. "Mimi la nini?"

Mwezi wa tatu Marlys alikuwa akisoma gazeti mezani. Madiwani walikuwa na wazo jipya: kila mbwa wa ranchi akatiwe leseni. Marlys alitabasamu. Alijua hili litamwamsha Arlen.

"Umesikia vituko hivi?" alisema. "Mbwa wetu wanatakiwa leseni. Mbwa, Arlen."

"Sawa," alisema Arlen.

"Sawa nini?"

"Wafanye wanavyotaka."

Marlys akaliweka gazeti chini. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, ingawa jiko lilikuwa linawaka.

Arlen alipotoka, Marlys alimpigia simu dada yake Joyce, anayeishi Minneapolis, katika jimbo jingine. Alimweleza yote. Alisema neno ambalo hakuwa amelisema hata moyoni: aliogopa kwamba Arlen angejiua.

"Na hizo bunduki zimo humo ndani?" Joyce aliuliza.

"Zitakuwa wapi tena?"

"Mdogo wangu, huku kwetu unakwenda mahakamani. Hakimu anaamuru, polisi wanakuja kuzichukua."

"Huku hakuna sheria hiyo."

"Basi mpigie sherifu. Usikae tu."

Marlys alishika simu muda mrefu baada ya Joyce kukata. Akilini aliwaona polisi wa sherifu uani. Alimwona Arlen barazani kwake mwenyewe, mikono juu kama mwizi, mtu ambaye hakuwa amemkosea yeyote. Je, angemwamini tena? Je, angemwambia lolote tena?

Hakumpigia sherifu. Alifunga kabati la bunduki, akauficha ufunguo ndani ya kopo la unga.

Asubuhi iliyofuata Arlen alisimama mlangoni mwa jiko.

"Ufunguo wa kabati uko wapi?"

"Ufunguo gani?" Marlys aliuliza. Hakuinua uso.

Arlen alimtazama. "Mke wangu," alisema polepole, "hujawahi kunidanganya."

Hakupiga kelele. Hakuuliza tena. Alivaa kofia, akaenda zake zizini, na hapo ndipo hofu ya Marlys ilipozidi. Alichukua gari lake akaenda mjini kwa Verna Stroh.

Verna alikuwa jirani yao. Shamba lake lilipakana na lao. Mjini alikuwa na duka la bunduki na vifaa vya uvuvi. Kila vuli aliwafundisha vijana namna ya kushika bunduki kwa usalama. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa, na kofia yake ya kuwindia hakuivua hata kanisani. Marlys alipoingia, Verna alimtazama mara moja tu, akageuza kibao cha mlangoni kuonyesha duka limefungwa.

"Kaa, mwenzangu. Kuna nini?"

Marlys alisema yote, pamoja na habari ya kopo la unga. Verna alisikiliza mpaka mwisho.

"Na ile iliyo kwenye pikapu?" aliuliza.

Marlys hakuwa ameikumbuka hiyo.

"Umeficha ufunguo wa kabati. Pikapu yake ina bunduki nyuma ya kiti, kama ya kwangu, kama ya mchungaji wetu wa kanisa. Kwa hiyo hujamzuia kitu. Umemwambia tu kwamba humwamini."

"Sasa ningefanya nini?" Marlys alianza kulia. "Joyce anasema sheria ya kwao ingemsaidia. Huku tulikataa. Wewe mwenyewe ulikuwa mstari wa mbele kuipinga. Basi nyinyi mliopinga, mnanipa nini badala yake?"

Verna hakukasirika. Swali lilikuwa la haki.

"Unanipata mimi," alisema. "Nilisema serikali isiingie mlangoni kwa jirani yangu. Mtu akisema hivyo, basi aingie yeye mwenyewe. Akikaa kwake akanyamaza, yale yalikuwa maneno matupu."

Akamsogezea Marlys kikombe cha kahawa, akamweleza bila haraka.

"Cha kwanza, tutamuuliza. Tutamuuliza waziwazi, kwa neno lenyewe. Watu wanadhani ukimuuliza mtu kama anafikiria kujiua, utamtia wazo. Si kweli. Wazo kama lipo, lipo. Ukiuliza unamfungulia mlango tu."

"Na akisema ndiyo?"

"Tutamwomba bunduki zikae kwangu kwa muda. Tutamwomba, Marlys, hatutampokonya. Zitabaki mali yake. Saa ile mbaya humpanda mtu kama homa, halafu hushuka. Mtu akiivuka saa ile bila bunduki karibu, mara nyingi anaishi miaka mingi. Ndiyo maana tunataka ziwe mbali."

"Ni halali kisheria?"

"Hapa kwetu, jirani kumtunzia jirani bunduki ni halali, mradi mimi mwenyewe niwe naruhusiwa kuwa nayo. Kwingine sheria ni tofauti, mtu aulize kwanza. Nitaziweka kwenye sefu ya nyumbani kwangu, si dukani. Hakuna karatasi, hakuna faili, hakuna jina lake kwa mtu yeyote."

"Na tukimkuta tayari ameishika bunduki?"

"Hapo hatubishani juu ya uhuru. Tunapiga namba ya dharura, yaje yatakayokuja. Aliyekufa hana uhuru wa kuutetea." Verna alivaa koti lake. "Kaka yangu hakuulizwa na mtu, tukamzika. Twende."

Walimkuta Arlen jikoni. Alimwona Verna, akamwona mkewe nyuma yake, akaelewa.

"Umetumwa na kaunti?" alisema.

"Kaunti haijaweza kuziba shimo la barabara yako tangu nilipokuwa na meno yote," Verna alisema. "Itanituma mimi? Nimimine kahawa au huna?"

Arlen alisukuma birika kuelekea kwake. Wakakaa watatu mezani. Marlys alikwenda kwenye kopo la unga, akachakura, akautoa ufunguo. Ulikuwa mweupe. Aliuweka mbele ya mumewe.

"Nilikudanganya," alisema. "Niliogopa. Bado naogopa."

Arlen aliutazama ufunguo, lakini hakuugusa.

"Arlen," Verna alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Unafikiria kujiua?"

Nje mbwa alibweka, akanyamaza.

"Wewe mwanamke huna adabu," Arlen alisema.

"Sina. Jibu."

Arlen alipitisha kiganja usoni.

"Juzi nilikaa kwenye pikapu, pale zizini," alisema. "Nilikaa sana. Sijui nini kilinirudisha ndani. Nadhani ni baridi tu."

Marlys alimshika mkono. Arlen hakuutoa.

"Asante kwa kuniambia," alisema Verna. "Sasa nina ombi. Nikutunzie bunduki zako kwangu mpaka hali itulie."

Arlen aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi macho yake yalikuwa na moto kidogo.

"Yaani unanipokonya silaha ndani ya nyumba yangu. Verna Stroh, wewe."

"Nakuomba. Ukikataa, nitakunywa kahawa yako nikaondoka, na kesho nitakuja kukuomba tena. Ulivyonikera mimi kwenye mikutano miaka yote hiyo, nina deni la kukukera."

"Nina haki nazo."

"Nani kakwambia huna? Kama huna haki nazo, kwa nini nakuomba ruhusa? Mtu mwenye kitu ndiye anayeombwa."

Arlen alifikiri. Marlys alimwona akifikiri, na moyo wake ukapata joto kidogo, maana mtu anayetafuta masharti bado yumo maishani.

"Nikizitaka kesho?" Arlen aliuliza.

"Nitakuja, tutakaa, tutaongea. Sitakudanganya kwamba sitabishana nawe."

"Halafu?"

"Halafu ni zako. Lakini utakuwa umenisikiliza, na utakuwa umemwona daktari. Hilo ndilo sharti langu. Lako ni lipi?"

"Asijue mtu."

"Hatajua mtu."

"Na zipakwe mafuta. Ile ya baba inashika kutu upesi."

"Hilo nalo unanifundisha mimi?" Verna aliuliza.

Arlen alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu, lakini Marlys alikisikia. Kisha Arlen akausukuma ufunguo juu ya meza mpaka kwa Verna.

Wanawake wawili walizitoa bunduki kabatini, wakahakikisha hazina risasi, wakazifunga katika mablanketi. Verna alitoa na ile ya kwenye pikapu. Alikuwa akifunga mlango wa gari lake Arlen alipotoka barazani.

"Bado moja," alisema.

Marlys aligeuka. "Ipi? Zote tumetoa."

"Ipo bastola kwenye banda la trekta. Nyuma ya makopo ya rangi." Alitazama chini. "Niliiweka huko kusudi. Usingeijua."

Marlys aliketi kwenye ngazi. Kabati angeweza kulifunga, pikapu angeweza kuipekua, polisi wangeweza kuigeuza nyumba juu chini. Bastola ile hakuna ambaye angeipata, ila kwa mdomo wa Arlen mwenyewe.

"Wewe kaa na mkeo," Verna alimwambia. "Nitaichukua mimi."

Arlen aliketi ngazini. Marlys aliegemeza kichwa begani kwake, wakamtazama Verna akivuka ua kwa hatua zake za haraka. Aliporudi alikuwa ameishika bastola ikiwa wazi na tupu, akaifunga pamoja na zile nyingine.

"Kuna namba ya simu kwa saa mbaya kama ile," Verna alisema kabla ya kuondoka. "Tisa, nane, nane. Mtu anapokea mchana na usiku, na haulizwi mtu siasa zake. Na yangu unayo. Piga hata kunitukana."

Wiki ileile Marlys alimpeleka Arlen kwa daktari. Daktari alisema ule ni ugonjwa, unaitwa sonona, na una tiba. Alimpa dawa, akampangia siku za kuja kuongea. Arlen alilalamika juu ya viti vya chumba cha kungojea, lakini alikwenda, na akarudi tena. Hakupona mara moja. Zilikuwapo siku za kulala mchana kutwa, na siku moja alimpigia Verna na hakusema kitu, akashika simu tu mpaka Verna alipofika.

Mwezi wa sita mvua ilinyesha. Majani yakatoka. Arlen alikubali kulisha ndama wa jirani mmoja katika shamba lake mwenyewe kwa msimu mmoja. Akaanza kula mayai, akaanza kusema yana chumvi nyingi.

Vuli ilipofika, karibu na msimu wa kuwinda paa, Arlen alimpigia Verna.

"Njoo na kahawa," alisema. "Nataka kubishana."

Verna alikuja na bunduki zote nyuma ya gari. Walikaa mezani, Marlys akiwa kati yao. Verna alimuuliza neno lilelile, waziwazi, kama mara ya kwanza. Arlen alimtazama machoni.

"Hapana," alisema. "Mwezi wa nne ndiyo. Mwezi wa saba kidogo. Sasa hapana."

"Daktari anasemaje?"

"Anasema niamue nikiwa na mke wangu." Alimgeukia Marlys. "Unasemaje, mama?"

Marlys alikuwa ameingoja siku hiyo kwa hofu. Alishangaa kukuta hofu yenyewe imepungua. "Nasema uamue," alijibu. "Mimi nipo."

Walitoka wote hadi garini. Arlen aliyafungua mablanketi, akazikagua moja moja. Zilikuwa zimepakwa mafuta. Akaichukua bunduki ya baba yake, ile ya paa, akaishika mkononi kana kwamba anaipima. Zilizobaki akazifunika vizuri.

"Hizi nyingine?" Verna aliuliza.

"Za kuwindia nitazifuata baada ya Krismasi, tukiona mambo ni mazuri. Baridi ndiyo mbaya kwangu, sasa naijua." Alifunga mlango wa nyuma wa gari. "Ile bastola kaa nayo. Nikiihitaji nitakwambia, na uniulize kwa nini."

"Nitakuuliza."

"Najua. Huna adabu."

Verna aliwasha gari, akashika njia ya kwake. Arlen alimpa Marlys ile bunduki, akaenda kuleta ufunguo wa kabati. Marlys alibaki uani ameishika mikononi, mtutu wake ukielekea chini kama Verna alivyowafundisha vijana, na pumzi aliyokuwa ameibana tangu mwezi wa tatu ikamtoka yote.