Kangaga za Nyuma ya Nyumba

Kila asubuhi Carine alipanda mlima kutoka ziwani na kidumu cha maji, maana mabomba ya Bukavu yalikauka tangu vita vianze tena. Maji hayo yalikuwa ya kupikia. Yaliyobaki yalikuwa ya kangaga za mama yake, mimea ya majani kama manyoya, zilizopandwa kwenye mteremko nyuma ya nyumba ili mizizi ishike udongo.

Mama, aliyekuwa muuguzi, alikwama kazini Katana barabara ilipofungwa. Alikuwa ameagiza: "Zitakauka kiangazi. Wewe mwagia tu, usizing'oe."

Mwezi wa Julai Carine alichoka. Maji yaliyobaki aliyanawia miguu. Kangaga zikageuka kahawia, zikalala chini. Alidhani amekwisha kuziua. Akazing'oa zote, akazitupa nyuma ya choo.

Mvua za Septemba zilipoanza, matope yalishuka mpaka mlango wa jikoni. Baba yake, Papa Stanislas, alitoka na jembe.

"Carine, kangaga za maman ziko wapi?"

"Mbuzi ya Maman Adèle ilikula, papa."

Maman Adèle alikuwa amekimbia mapigano Mudaka, nao wakampa chumba uani. Mbuzi huyo alikuwa mali pekee aliyofika nayo.

"Basi Jumamosi auzwe, asije akala tutakazopanda tena," alisema Papa Stanislas kwa sauti iliyochoka. "Ukuta ukianguka, tutalala wapi?"

Maman Adèle aliinamia sombe yake, majani ya muhogo aliyokuwa akitwanga. "Ni kwenu, papa."

Jumamosi alfajiri Carine alikwenda chooni. Katika lile rundo la kangaga alizotupa, mashina yalikuwa yamechipua. Machipukizi ya kijani yamejikunja kama mkia wa kinyonga. Uani, Maman Adèle alikuwa akifungua kamba ya mbuzi.

Carine aliokota shina moja, akakimbia. "Papa, mbuzi hakula! Ni mimi niliyezing'oa, nikazitupa nyuma ya choo."

Papa Stanislas aligeuza shina mkononi.

"Mbuzi yangu iko na meno," alisema Maman Adèle, "lakini haina mikono ya kutupa vitu nyuma ya choo."

"Nami sikwenda kutazama," alikiri Papa Stanislas. "Unisamehe, maman." Kisha akamgeukia binti yake. "Kuchoka si kosa, Carine. Sisi sote tumechoka. Ungesema, tungepeana zamu. Ulipodanganya, ulimtwika uchovu wako mtu asiye na pa kwenda."

Mbuzi alifungwa tena. Walipanda mashina upya, vichwa vikiwa juu ya udongo, na kesho yake Papa Stanislas ndiye aliyeshuka ziwani.