Nilipiga Picha za Harusi na Mwanaume Nisiyemjua

Nina miaka thelathini na mbili, mama wa mtoto mmoja, mkaaji wa Butembo, na ni mke wa mtu. Naanza na hilo kwa sababu kuna ofisi moja, mbali sana na hapa, ambayo haiamini kwamba nina mume. Na kosa si lao... Kosa ni langu!

Wasomaji wenzangu, nitawaeleza polepole. Labda kuna mmoja kati yenu anayepanga dosye yake, yaani faili la kumfuata mwenzake ng'ambo, hivi sasa. Aketi, asome hadi mwisho.

Mimi na Kakule tulioana miaka saba iliyopita kwa baba yangu, huko Vuhovi. Ilikuwa ndoa ya kwetu. Familia yake walileta mbuzi kumi na wawili, wakapanda nao kilima kwa miguu huku mvua ikiwanyeshea. Baba aliwakagua mmoja mmoja, akamkataa mmoja aliyechechemea, na shangazi yake Kakule akabishana naye mpaka watu wote wakacheka. Mbuzi mmoja alipewa mjomba wangu, kama desturi inavyotaka. Tukala bugali na maharagwe jikoni kwa mama kwa sababu nje palikuwa matope matupu. Mimi nilivaa kitenge cha kijani. Kanisani tulisema tutaenda baadaye, tukipata nafasi.

Nafasi haikupatikana. Tulihamia Beni, Kakule akawa anafanya biashara ya kakao. Mnajua yaliyotupata watu wa upande ule... Mtaa wetu ulivamiwa na watu wenye silaha, nyumba ikaungua na kila kitu ndani, hata simu iliyokuwa na picha chache za siku ile. Kakule alitafutwa kwa jina. Alivuka mpaka wa Uganda pale Kasindi akiwa na shati moja. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi mitano, nikarudi Butembo kujificha kwa dada yangu.

Baada ya miaka, Kakule alipokelewa katika nchi moja ya ng'ambo. Alipopata karatasi zake tu, akaomba mimi na mtoto tumfuate. Siku hiyo nililia kwa furaha! Lakini ofisi ikaandika: leteni uthibitisho kwamba ndoa yenu ni ya kweli.

Uthibitisho gani? Nilikuwa na mtoto. Nilikuwa na ujumbe wa simu wa kila siku. Nilikuwa na mbuzi kumi na mmoja, na yule aliyeletwa badala ya aliyechechemea... Niliogopa. Ningewaambiaje wazungu habari za mbuzi?

Hapo ndipo alipoingia dada Zawadi. Tulikuwa naye katika kikundi cha maombi, na alijulikana kusaidia watu kupanga dosye. Alifungua bahasha yangu, akatikisa kichwa.

"Mama Grâce," akaniambia, kwa jina la binti yangu, "hii dosye iko uchi. Bazungu hapana jua mbuzi. Beko nataka robe nyeupe, gato, na batu banapiga makofi."

"Lakini Kakule hayuko hapa," nikasema. "Picha nitapiga na nani?"

"Na mwanaume yeyote wa urefu yake! Atainamisha kichwa kidogo. Kwa bazungu, siye bote tuko na sura moja."

Nilicheka. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilicheka.

Tukaenda studio. Robe, gauni la harusi la kukodi, ilinibana mabegani. Keki ilikuwa ya maboksi iliyopakwa rangi. Kijana wa watu, fundi wa kushona ambaye hata jina lake sikuuliza, alivaa suti ya bluu akanishika kiuno. Mpiga picha akasema, "Madame, cheka basi, hapana matanga hii!" Nikacheka tena. Zawadi akaandika nyuma ya kila picha tarehe ya ndoa yetu ya kweli, zikaingia katika bahasha ya ofisi.

Je, nilimwambia mume wangu? Hapana! Zawadi alisema simu zinasikilizwa, na Kakule ana moyo mwepesi, ataharibu. Nami nikanyamaza. Mtu niliyemwambia hata nilichokula mchana, jambo hilo moja nikamficha.

Niliitwa kwa mahojiano Kampala. Njia ya kutoka Butembo kupitia Beni mpaka Kasindi kila mtu anaijua kwa mashambulizi yake. Unapanda gari ukiwa umewaaga watu kama vile hutarudi. Kila gari liliposimama, moyo wangu ulisimama nalo. Nilimbana Grâce mapajani, nikajisemea: tukivuka tu, hofu itakwisha.

Haikwisha... Ilikuwa inanisubiri mezani!

Mama aliyenihoji hakunifokea, na huo upole ndio ulionitisha zaidi. Aliuliza, siku ya ndoa mlikula nini? Nikatazama picha, nikasema keki na kuku. Ulivaa nini? Robe nyeupe. Hali ya hewa ilikuwaje? Jua, nikajibu, kwa sababu studio ilikuwa na pazia lenye anga ya bluu. Nilikuwa nasema uongo juu ya siku nzuri kuliko zote maishani mwangu. Kwa nini sikusimama pale pale nikasema, mama, nisamehe, tuanze upya? Alikuwa ananitazama kama anayesubiri niseme hivyo.

Juma hilo hilo, huko ng'ambo, walimwita Kakule. Naye akajibu ukweli wote: mvua, matope, bugali, mbuzi aliyechechemea. Kisha wakamwekea picha mbele yake. Huyu ni wewe? Akasema, mwanamke ni mke wangu, mwanaume simjui.

Tulikuwa tumerudi Kasindi, katikati ya malori na wabadilisha pesa, simu ilipolia. Nikapokea nikitabasamu, kwa kuwa ni Kakule, anayeniita kwa jina langu.

"Masika, ule mwanaume mwenye suti ya bluu ni nani?"

Nilijivuta kando ya lori, simu sikioni.

"Beko nasema uliolewa. Tarehe yetu, Masika! Uliweka tarehe yetu juu ya mwanaume mwingine!"

Nilipoanza kueleza, alikata. Nikapiga mara nyingi, bila kujibiwa. Watu walinipita na mizigo yao, na mimi nilikaa chini kwenye vumbi, mtoto akinivuta kitenge akiuliza, "Papa amesema nini?"

Majuma matano Kakule hakupokea simu yangu. Majuma matano! Nimewahi kukimbia risasi, wasomaji wangu, lakini woga wa majuma yale sikuwahi kuujua. Barua ya ofisi ikaja kabla hajapokea: ombi limekataliwa, ndoa haikuaminika, nyaraka ni za uongo, na kwa miaka mitano tusiombe tena.

Nilimwendea Zawadi nikilia. Hakuinuka hata kitini.

"Mi hapana kukulazimisha, mama. Weye mwenyewe njo ulicheka mbele ya aparei ya picha."

Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli.

Nikapanda Vuhovi kumwambia baba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu:

"Mutoto wangu, uliona haya juu ya mbuzi zangu?"

Nilipiga magoti. Hakunipiga, hakunilaani. Aliomba simu, akampigia Kakule mwenyewe, na kwa baba Kakule alipokea. "Mukwe wangu," akamwambia, "huyu ni mujinga, lakini si malaya. Hakuna mwanaume mwingine aliyepanda hiki kilima. Ongea na bibi yako." Akanipa simu. Nilimsikia akilia, nami nikalia, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza.

Amenisamehe, ingawa bado kuna siku anauliza swali dogo, na najua anachotafuta ndani yake. Miaka mitano haikusamehewa. Sasa imebaki mitatu na miezi kadhaa.

Wapendwa, msikate tamaa, lakini msipambe ukweli! Kama mlioana kwa mbuzi, andikeni mbuzi. Mwombeni chifu karatasi, mwambieni mjomba aeleze alichopokea, tunzeni ujumbe wa simu, hata ule wa siku mliyogombana. Kama picha ziliungua, semeni ziliungua na wapi. Na kabla ya kuweka karatasi yoyote katika bahasha, mweleze mwenzako. Ukiona unamficha kitu, kirudishe.

Grâce ana miaka sita. Nilijaribu kumfafanulia miaka mitatu ni muda gani. Akahesabu kwa vidole, akaniuliza kama papa atamtambua akiwa mkubwa.

Nilimwambia ndiyo. Namwomba Mungu nisiwe nimesema uongo tena.