Mazoezi ya Baba Mbuke

Kila alasiri, akitoka shuleni, Mbuke alivua sare, akachukua ndoo na kwenda bombani. Akirudi alipalilia mchicha, kisha akakoka moto. Kazi hizo alimsaidia baba yake, Mayala, maana mama alikuwa kijijini Mugeta akimuuguza bibi.

Mayala alipakia magunia ya pamba kwenye malori mjini Bunda. Mwaka ule wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuigombea pamba, kazi ikawa nyingi, mwishowe mgongo wake ukashindwa. Nesi Dafroza wa zahanati alimfundisha mazoezi yaitwayo Pilates: kulala chali mkekani, kukaza tumbo, kuinua mguu mmoja mmoja polepole huku akivuta pumzi kwa utaratibu. Alieleza kuwa misuli ya tumbo na kiuno ikipata nguvu, ndiyo inayoushikilia uti wa mgongo. Mbuke akaacha netiboli ili baba apate nafasi ya mazoezi. Kila jioni alimwuliza, naye Mayala alijibu kuwa ameshafanya.

Siku moja bomba la karibu lilikauka. Mbuke akaenda la mbali, na wakati wa kurudi akapita nyuma ya stoo ya pamba. Humo baba yake alikuwa akizungumza na wapakizi wenzake.

"Mwanamume mzima nilale chini nirushe miguu kama mtoto mchanga?" alikuwa akisema. "Nyumbani namwambia Mbuke nimefanya, naye anaamini."

Wenzake wakacheka. Mbuke alisimama na ndoo kichwani. Asubuhi ile timu ya netiboli ya shule ilikuwa imeondoka kwenda kushindana Musoma, na nafasi yake alikuwa amepewa Wankyo. Jioni alimpakulia baba yake ugali bila kumtazama usoni.

Kesho yake walikwenda zahanati. Nesi alishangaa kuona hakuna nafuu. Mayala akasema mazoezi anafanya kila siku, hata Mbuke ni shahidi.

"Hapana, nesi," Mbuke akasema. "Baba hafanyi. Mimi niliacha timu kwa ajili yake, naye ananicheka huko stoo."

Mayala akainamisha kichwa. "Nilikuwaga naona aibu," alisema kwa sauti ya chini.

Nesi hakumgombeza. Alitandika mkeka, akamlaza, akamwambia ainue mguu. Punde mguu ukaanza kutetemeka na jasho likamtoka. Mayala akakiri kuwa hata gunia halijawahi kumtoa jasho namna ile.

Tangu hapo alifanya mazoezi uani, majirani wakimwona. Msimu wa pamba ulipokwisha, aliweza kuinama bila kushika kiuno, alipata usingizi mzuri, na bombani alikwenda mwenyewe. Mbuke akarudi timuni, lakini maneno ya baba yake hakuyaamini tena upesi. Ndipo Mayala akamwita.

"Mama," alimwambia binti yake, "mgongo hauponi kwa maneno. Unapona kwa kufanya mazoezi hata pasipo na wa kukuona. Imani yako niliivunja kwa mdomo wangu, nayo itanibidi niijenge kwa vitendo, kidogo kidogo. Wewe usije ukamdanganya mtu anayekuamini."

Mbuke alimtazama baba yake usoni. Kisha akasema kwamba Jumamosi wanacheza, na kama baba anapenda, aende kuwatazama.