Mshale wa Mwisho Kalimoni

"Nani aliweka hii mishale?"

Mvua tu.

"Nauliza mara ya mwisho! Kama hakuna mtu, nyinyi wote kumi na mmoja mnaingia kwa lori!"

Gerishon akainua mkono... akanyoosha kidole... kwa beshte yake wa tangu wakiwa wanachunga mbuzi.

"Ni Ndung'u, afande."

Hivyo tu!

Ndung'u alimwangalia vile unaangalia mbwa yako ikikuuma.

Sasa wasee, msianze kutusi Gerishon. Wekeni hayo matusi kando kidogo, mtayahitaji huko mbele.

Hii ni Aprili 1953. Hali ya hatari imetangazwa, kila Mkikuyu anatembea roho mkononi. Lakini skauti wa kanisa huko Ruiru walikuwa na barua ya ruhusa ya DO, afisa wa serikali wa tarafa: siku tatu kambini Kalimoni, kando ya mto Ndarugu, mashamba ya mkonge pande zote. Kiongozi wao, Ndung'u, miaka kumi na tisa, hacheki ovyo.

Gerishon naye? Mchezo juu ya mchezo. Huyu aliwahi kuweka chura kwa kofia ya katekista, na sala inaendelea!

Ijumaa usiku aliambia Barasa, skauti mwenzake, "Hema yako inavuja."

"Kama ni wewe umesema, basi ni kavu kabisa," Barasa akajibu, akalala.

Akaamka kwa maji.

Jumamosi asubuhi ikawa mchezo wa kufuata alama. Kundi la Ndung'u linapanga mawe chini kama mshale, kila mahali njia inapinda. Kundi la Barasa linafuata mpaka lipate zawadi.

Ndung'u alikataa kusaidiwa. Kila jiwe aliweka na mkono wake.

"Wee, kwani unajenga kanisa?" Gerishon akamcheka.

"Nyamaza, lete mawe."

Mshale wa mwisho ulikuwa kwa njia panda. Kulia, unaenda timbo, ile shimo ya kuchimba mawe, ndiko Ndung'u alikuwa ameficha mkebe wa zawadi. Kushoto... posti ya homugadi! Wale watu wa vijiji waliopewa bunduki na serikali wawinde watu wa msitu, wale wapiganaji wa uhuru.

Gerishon akabaki nyuma, eti anafunga kamba ya kiatu.

Akageuza mshale. Kushoto.

Alikuwa ameona picha yote kwa kichwa: Barasa na wenzake, kaptula zimelowa, mikono juu, wanalia "Sisi ni skauti, afande!" Alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Halafu mbingu zikafunguka! Mvua ikanyesha mpaka mchezo ukafutwa, watu wakajibanza kwa hema.

Gerishon alikumbuka ule mshale. Aliukumbuka kabisa. Lakini mvua ilikuwa kubwa, na githeri ilikuwa imeiva.

Saa kumi na mbili jioni...

Pa! Pa! Pa!

Upande wa posti.

Asubuhi ya Jumapili lori likaja. Koplo Kimeu akashuka, mkononi ana kofia ya sufu ya kijani, inadondoka maji.

"Jana tumepiga mtu wa msitu mbele ya geti yetu. Amekufa. Nyayo zake kwa matope zimepita kila mshale wenu. Wa mwisho unaonyesha posti! Nani alikuwa anatuletea watu?"

Ndung'u aliona ile kofia, akakaa kwa matope. Gerishon akafikiri ni uoga.

Hapo ndipo kile kidole kilinyooshwa.

"Afande, mimi niliweka ya kuenda timbo!" Ndung'u akalia akipandishwa lori. "Haki ya Mungu, ya timbo!"

"Kwani mawe yalitembea?" koplo akamuuliza.

Gerishon akaangalia viatu vyake.

Miaka mitano!

Ndung'u alirudi kutoka kizuizini 1958, mguu mmoja anauburuta, meno mawili hana. Siku hiyo pia ilikuwa mvua. Gerishon alikuwa anaziba pancha kwa kibanda chake cha baiskeli, karibu na stesheni ya Ruiru. Kuinua macho... Ndung'u!

Spana ikaanguka.

"Usitetemeke, wakini," Ndung'u akasema. "Sisi ni rika moja. Nimekuja kukuambia nimekusamehe. Ulisema ukweli, mishale ilikuwa yangu. Na ungenyamaza wangebeba wote."

Gerishon akaanza kulia.

"Ngoja. Kuna kitu hujui. Ule mchezo haukuwa mchezo. Kwa mkebe kulikuwa na unga na dawa ya malaria. Gachanja alikuwa mgonjwa."

"Gachanja... kaka yako? Si alienda kazi Nakuru?"

"Tulisema hivyo nyumbani. Alikuwa msituni. Si ndiye alitufundisha alama za skauti, mimi na wewe? Tulikubaliana afuate mawe yangu mpaka timbo." Akafuta uso. "Ile kofia ya kijani mama ndiye alimshonea. Mikono yangu ilikuwa na baridi siku hiyo, Gerishon. Nilikosea ule mshale wa mwisho. Mimi ndiye niliua ndugu yangu."

Jamani...

Gerishon akashika meza.

"Hukukosea. Ni mimi. Niligeuza mshale, nilitaka Barasa atishwe."

Ndung'u akamwangalia.

Halafu akacheka!

Akacheka mpaka machozi, yale mapengo yote nje.

"Wewe Gerishon! Hata leo? Unataka kunibebea dhambi na mzaha?"

"Ndung'u, ni ukweli..."

"Wacha bwana! Mwenye alificha chura kwa kofia ya katekista ananiambia ukweli?" Akampiga bega. "Asante. Sijacheka miaka mitano."

Hapo Gerishon angeweza kurudia. Angeapa, angemshika mkono asiende.

Akatabasamu.

"Ni mzaha tu, wakini."

Hadi anazikwa, Ndung'u alihadithia hiyo kitu kila harusi, akicheka: "Huyu, hata mimi nikilia ndugu yangu, alijaribu kunichekesha!" Kisha anaangalia mikono yake.

Na Gerishon ameketi hapo hapo, anacheka na wengine.

Wasee, fanyeni mizaha, sikatai. Lakini kama watu wamezoea kukucheka, siku utaleta ukweli wataucheka pia. Na kibaya zaidi si kukosa kuaminika.

Ni vile utafurahi hawakukuamini.