Binti Aliyemtuma Zimwi Achote Maji kwa Kikapu

Mwaka wa 1991, Jumamosi moja ya Oktoba, Wabwile na mkewe Nakhungu walikuwa uani wakipukuchua mahindi. Nyumba yao ilikuwa nje kidogo ya mji wa Kitale. Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka Mlima Elgon, na turubai lilikuwa limejaa mahindi bado. Kila mtu alipukuchua kwa haraka.

Lakini kilichowasumbua zaidi ni barua. Binti yao Nekoye alisoma kidato cha tatu katika shule ya bweni huko Bungoma. Jana yake alikuwa amerudishwa nyumbani. Barua ilisema kwamba ameandika matusi katika insha ya fasihi kuhusu hadithi moja ya kitabu cha shule. Alete maandishi ya kuomba msamaha Jumatatu, la sivyo asirudi tena.

Tangu asubuhi Wabwile alikuwa ameweka karatasi na kalamu juu ya kiti. Karatasi haikuwa na neno hata moja.

"Nani alikutuma kubishana na kitabu?" aliuliza. "Kitabu imeandikwa na mtu amesoma. Andika hiyo msamaha, mambo iishe."

"Baba, mimi niliuliza tu mbona msichana wa hadithi analia bila kufanya kitu," alijibu Nekoye. Naye alikuwa pale pale akipukuchua.

Nakhungu mwenyewe aliondolewa shuleni akiwa darasa la nne. Aliogopa sana kuona jambo lile lile likimpata mtoto wake. Aliacha mahindi, akaenda kumwita jirani yao Peris, mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Wabwile hakumpenda sana Peris. Tangu Nakhungu aanze kisomo kwake, alikuwa anamsahihisha mumewe anaposoma gazeti.

Peris alikaa, akachukua hindi moja apukuchue kama wengine. Aliisoma insha yote, iliyokuja pamoja na barua, kabla ya kusema. Kwanza alimgeukia Nekoye.

"Umeandika kwamba mwandishi ni mwongo. Hapo umekosa. Umeonyesha ukurasa gani?"

Nekoye hakuwa ameonyesha hata mmoja. Peris alimwambia kwamba msomaji hamtukani mwandishi. Huonyesha maneno yake, kisha huuliza swali.

"Lakini swali lenyewe si matusi, Baba Nekoye," alisema. "Na halikuanza na huyu mtoto."

Alieleza polepole. Miaka ya sitini na sabini, wanawake wengi wa ng'ambo walianza kusoma vitabu kwa jicho jipya. Waliuliza, mwanamke wa hadithi hii anafanya nini? Mbona ni malaika au mchawi tu? Baadaye walichoka kuhesabu makosa ya waandishi wanaume. Wakaanza kutafuta maandishi ya wanawake yaliyosahauliwa. Lakini hata wao walikosea. Walisema "mwanamke" kana kwamba wanawake wote ni mmoja. Wanawake weusi, na wa Afrika, wakawajibu kwamba anayebeba mtungi wa maji kijijini kule Kachibora hana shida sawa na mwenye bomba jikoni. Tena wengi wetu, nyanya zetu hawakuandika, walisimulia. Siku hizi kuna wanaouliza pia hadithi inamfundisha mwanamume awe mtu wa namna gani.

"Haya ni ya wazungu," alisema Wabwile.

Peris hakubishana naye. Alimwomba Nekoye asome ile hadithi ya kitabuni. Zimwi alimteka msichana. Msichana alilia kurasa tisa, mpaka kaka yake akaja na mkuki akamwua zimwi. Msichana hakupewa hata jina.

Mkono wa Wabwile ulisimama juu ya hindi.

"Hapana," alisema. "Si hivyo. Mama alituambia msichana alituma linani, hilo zimwi, akachote maji na kikapu. Linani akabaki mtoni anaziba mashimo na matope, msichana akatoroka. Hakukuwa na kaka."

"Alikuambia lini?" aliuliza Peris.

"Tukipukuchua mahindi. Hivi hivi."

Matone yakaanza kuanguka. Mahindi ya pembeni yalilowa. Wabwile, mtu wa kufoka punje moja ikipotea, hakufoka. Alikuwa anaitazama ile karatasi nyeupe.

Jumapili kutwa Nekoye aliandika insha upya, na mwanzoni akaomba msamaha kwa kumwita mwandishi mwongo. Safari hii alionyesha kila ukurasa, na hakumtukana mtu. Jumatatu Wabwile alimpeleka Bungoma. Alisimama mbele ya Mwalimu Wahome, mwalimu wa fasihi, kofia mkononi, akampa karatasi hizo.

"Msamaha iko hapo," alisema. "Ya matusi. Ya swali hapana, mwalimu."

Mwalimu Wahome alikunja uso. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili. Nekoye alishika mkono wa baba yake, jambo ambalo hakuwa amefanya tangu akiwa mdogo. Mwalimu alifungua kile kitabu, akalinganisha kurasa moja baada ya nyingine. Ilichukua muda mrefu.

Mwishowe alisema kwamba Nekoye aingie darasani, awasomee wenzake insha hiyo. Wabwile aliruhusiwa kusikiliza mlangoni.

Nekoye alisimama, akaanza kusoma: "Hadithi hii ina njia mbili za kusimuliwa. Moja iko katika kitabu chetu. Ya pili ni ya nyanya yangu Nasimiyu, aliyemsimulia baba yangu wakipukuchua mahindi."

Ilikuwa miaka kumi na sita tangu Nasimiyu azikwe. Wabwile hakuwahi kufikiri kwamba jina la mama yake lingesomwa shuleni. Alivaa kofia yake, akaivua tena, akasikiliza mpaka mwisho.